Mposaji Asiyejua Kufunga Mdomo

Mafuta yalikuwa adimu mjini, na foleni ya basi la Cibitoke ilizunguka ukuta wa soko. Raïssa, ndani ya kitenge chake kipya cha manjano, alikuwa kwenye simu na mteja wa Nairobi. "I am expecting the bus," akamwambia.

"Apana, dada," mtu akadakia nyuma yake. "Expect ni kama unaamini kitu kitakuja. Mutu anasimama tu, hajui, hiyo ni wait. Hapa we una-wait."

Akageuka. Tai shingoni kwenye joto lile, kalamu mbili mfukoni. Mwalimu, nani mwingine. "Nani amekuuliza?"

"Hakuna. Nasaidia."

Alimdharau pale pale. Kisha akampa namba ya simu, na hadi leo hajui kwa nini.

Mwalimu huyo, Darius, akawa anapiga kila jioni. "Chérie, umekula?"

"Nimekula, profesa. Ama nimekosea kusema?"

Akacheka, na kicheko chake, lazima tukiri, kilikuwa kitamu.

Ikafika siku ya kufata irembo, kubisha hodi kwao msichana na kreti za bia. Siku hiyo huongea msemaji wa ukoo. Mposaji kazi yake ni kukaa kimya. Hata mtoto anajua. Baba mkubwa wa Raïssa, Xavier, aliyewahi kuishi Kampala na hajaacha kujigamba, akasema: "We are waiting good things from this boy."

"Expecting, papa," akasema Darius. Na akaeleza. Akaeleza mpaka bia zikapata joto. Mzee akainuka, kreti zikarudishwa kwenye gari.

"Mi nimekosea fasi gani?" akauliza kwenye simu. "Nilisema kweli."

"We mupumbavu, Darius. Usinipigie tena." Raïssa akalia, akajichukia kwa kumlilia mtu wa namna ile.

Msemaji wa Darius ndiye aliyekwenda kuomba radhi, wakapewa Jumapili nyingine. Mzee Xavier akamkazia Darius macho, akasema polepole, makusudi: "We are waiting good things from this boy."

Mdomo wa Darius ukafunguka. Raïssa, mlangoni na trei ya glasi, akasimama pale pale. Akimsahihisha mzee tu, basi, ndoa hakuna. Darius akameza mate, akatazama viatu vyake, jasho likalowesha tai. Akanyamaza.

"Huyu sasa amekomaa," akasema mzee. "Leteni vinywaji."

Raïssa akainama kumwekea mposaji glasi.

"Ni expecting," Darius akanong'ona.

"Najua. Kunywa."