Kitaa cha Kijani

Foleni ya kampuni ya intaneti ilifika hadi mlangoni. Mshonaji, ndani ya gauni la bluu alilojishonea mwenyewe, alikuwa ameikumbatia modemu yake kama mtoto mwenye homa.

"Anaumwa nini?" fundi wa kaunta akamwuliza.

"Ningejua, ningekuja kwako?"

Fundi akacheka. Alikuwa na meno mazuri na alijua hivyo. Akaenda mwenyewe kumfungia modemu nyumbani kwake, na baada ya hapo visingizio vya kurudi havikumwishia.

Alipopata kazi ya minara ya simu ng'ambo, aliiunga kompyuta ya mshonaji na modemu kwa waya ili waonane kila jioni. Akamwonyesha kitaa kando ya tundu la waya.

"Hiki kikiwaka kijani, mpenzi, ujue nipo."

"Na hizi taa nyingine?"

"Achana nazo. Maswali kama polisi."

Hapo alikosea, kwa mapenzi na kwa uvivu. Kitaa kile husema tu kwamba kompyuta na modemu zimeunganika. Kuonyesha kama intaneti inaingia nyumbani ni kazi ya taa ya juu.

Jioni moja fundi hakupiga. Wala wiki nzima. Mshonaji akainama kutazama: kijani.

"Laini ni nzima," akamwambia shangazi yake, aliyekuwa akishona kando yake.

"Basi kashapata mwingine," shangazi akajibu, akikata uzi kwa meno. "Wewe shona, mwanangu."

Akashona, huku akimchukia.

Kumbe wachimba mtaro walikuwa wameukata waya wa intaneti wa mtaa. Na huko ng'ambo fundi alikuwa ameanguka mnarani, simu imesagika na namba zote ndani yake, jeraha la mguu linaoza. Madaktari walitaka kuukata chini ya goti mara moja. Akaogopa. "Niongee na mchumba wangu kwanza," akaomba, na kwa kompyuta ya nesi akapiga, akapiga tena, siku baada ya siku. Alipokubali, uozo ulikuwa umepanda. Wakakata pajani.

Alirudi kwa magongo, mguu mmoja wa suruali umekunjwa na kubanwa kwa pini. Mshonaji alifungua mlango na maneno makali tayari, akaiona ile pini.

"Nimekuja kukuaga tu," fundi akasema. "Nilikupigia mpaka nikakata tamaa."

"Hukupiga. Kitaa kilikuwa kinawaka."

Fundi akaitazama modemu mezani. Chini kijani, juu nyekundu. Akakaa.

"Hii nyekundu ina muda gani?"

"Sijui. Uliniambia niangalie ya kijani."

Akamweleza polepole maana ya taa, na jinsi alivyopiga kutoka hospitali. Mshonaji akapiga magoti mbele yake, akaushika mguu mtupu wa suruali.

"Ningepokea, mguu ungepona?"

"Hapana. Ulikwisha palepale nilipoanguka."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Alidanganya vizuri, na alijua atadanganya hivyo maisha yake yote.

"Lete hiyo suruali niipunguze," mshonaji akasema, akifuta machozi. "Mume wangu hatembei na pini."

Akachukua futi, akapima pale paja lilipoishia. Fundi akageukia ukutani ili mshonaji asiyaone macho yake.