Kifuniko cha Sanduku la Vipepeo

Kila jioni baada ya masomo, Nafuna alichota maji kwenye mfereji wa mtaa wa Makongeni, akamwogesha mdogo wake, kisha akachuchumaa nje ya mlango kusugua sufuria. Alichovya kipande cha gunia kwenye majivu, akasugua kwa nguvu zake zote. Majirani walimsifu. "Mtoto wa Absalom akisugua sufuria, unaweza kujitazama humo ukachana nywele," walisema, naye Nafuna aliona fahari.

Alikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, katika darasa la sita. Baba yake, Absalom, alifanya kazi katika kiwanda kimoja cha Thika kilichotengeneza plastiki angavu, ile inayoonyesha kilicho nyuma yake kama kioo. Mwaka huo wa 1958, watu wengi hawakuwa wamewahi kuishika plastiki ya namna hiyo.

Darasa la Nafuna lilikuwa likijiandaa kwa maonyesho ya shule mjini Ruiru. Rafiki yake, Fatu, alikuwa amekusanya vipepeo muhula mzima kando ya mto Chania. Mwalimu wao, Bi Wilkister, aliwafundisha kuwakausha na kuwatandaza mabawa bila kuwavunja. Mvulana aitwaye Munyao alitengeneza sanduku zuri la mbao. Kilichokosekana ni kifuniko. Kioo kilikuwa kizito na kingeweza kuvunjika kwenye treni, kwa hiyo Nafuna aliahidi kumwomba baba yake plastiki.

Alhamisi jioni, Absalom alipitia kiwandani kabla ya zamu yake, akarudi nyumbani na kipande kigumu kilichofungwa kwa karatasi.

"Msimamizi amenipa. Ni masalio," alisema. Alikifungua, akakilaza kwenye kiganja na kukiinamisha kuelekea dirishani. "Usitazame ndani yake. Tazama juu yake. Unaona nini?"

Nafuna aliinama. Juu ya plastiki palikuwa na picha ya dirisha lao, nondo zake za chuma zikiwa zimenyooka kabisa.

"Naona nondo, Baba! Hata ile iliyo na kutu!"

"Hivyo ndivyo tunavyoipima. Nondo zikionekana safi, uso wa plastiki ni laini. Zikififia, tunasimamisha mashine tukaing'arishe rola."

"Rola inahusika vipi?"

"Plastiki humwagwa juu ya rola, lile pipa la chuma linalozunguka, ikiwa kama uji. Ikikauka, inashika sura ya rola. Rola ikiwa laini, plastiki inakuwa laini. Rola ikiwa na mkwaruzo, plastiki nayo inapata mkwaruzo." Absalom alikifunga tena kile kipande. "Usiifungue karatasi hii mpaka kesho shuleni."

Alipoondoka kwenda zamu ya usiku, Nafuna alivumilia kidogo tu. Alitaka kuziona nondo mara nyingine. Aliifungua karatasi, na vidole vyake vikaacha alama katikati ya plastiki. Alizifuta kwa gauni, zikaenea. Basi akafanya alichokijua vizuri kuliko mtu yeyote mtaani: alichukua gunia na majivu.

Alisugua upande mmoja wote. Aliisuuza, akaikausha. Plastiki ilikuwa na weupe kama ukungu wa asubuhi. Aliiinamisha dirishani. Nondo hazikuwepo, palikuwa na weupe tu.

Kisha aliikumbuka chupa ya mafuta ya nazi ya mama yake. Alipaka kidogo. Ajabu! Pale penye mafuta, ukungu ulitoweka na mng'aro ukarudi. Alipaka plastiki nzima, akaifunga, akalala bila kumwambia mtu.

Ijumaa asubuhi alimkabidhi Fatu kifuniko, naye Fatu akakifunga juu ya sanduku huku watoto wakishangilia. Lakini kabla ya mapumziko, vumbi la darasa lilikuwa limenata juu yake. Mwalimu Wilkister alipokiinua, bawa la kipepeo mkubwa wa buluu lilikuwa limegandamana na mafuta kwa ndani. Likachanika.

Munyao aliruka kutoka kwenye dawati.

"Ni Fatu, Mwalimu! Yeye ndiye hujipaka mafuta ya nazi kichwani kila siku. Amekishika kwa mikono yake ya mafuta!"

"Fatu, ni kweli?" Mwalimu aliuliza.

"Nilishika kingo tu, Mwalimu," alisema Fatu, machozi yakimlengalenga. Alilitazama bawa lililochanika kana kwamba ni mkono wake mwenyewe uliokatika.

"Hata kwenda Ruiru asiende," alinong'ona mtu nyuma.

Nafuna angeweza kunyamaza, hakuna aliyemfikiria yeye. Lakini Fatu alikuwa amegeuza uso ukutani, na mabega yake yalikuwa yakitikisika. Nafuna alisimama.

"Ni mimi, Mwalimu. Nilikikwaruza kwa majivu, nikapaka mafuta ili msione."

Minong'ono ikazuka. Munyao aliinamisha kichwa kwa aibu. Bi Wilkister alimgeukia Nafuna.

"Umefanya vibaya, na umefanya vizuri kusema," alisema. "Lakini kusema pekee hakutakisafisha kifuniko. Leteni sabuni na makarai mawili ya maji."

Waliyaosha mafuta, na ule ukungu ukarudi. Mwalimu alikiweka kifuniko juu ya sanduku, akadondosha tone moja la maji juu yake. Chini ya tone, rangi ya manjano ya kipepeo ilionekana wazi kabisa. Watoto walisogea na kusukumana.

"Nani ataniambia kwa nini?" aliuliza Mwalimu. "Jitazameni kwenye karai la maji safi."

Maji yalikuwa yametulia, nao wakaziona nyuso zao. Mwalimu akapuliza. Nyuso zikavurugika.

"Maji yamechafuka?" aliuliza.

"Hapana, Mwalimu."

"Yamebadilika nini?"

"Uso wake!" alisema Fatu, akipangusa macho. "Yamekuwa na mawimbi."

"Ndiyo. Uso laini huurudisha mwanga kwa mpango, ndiyo maana tunaona picha na mng'aro. Uso wenye mabonde na vilima huutawanya huku na huku, nasi tunaona weupe tu. Plastiki hii ndani bado ni angavu. Majivu yameulima uso wake kama shamba. Maji na mafuta hujaza mitaro ile, uso ukawa laini kwa muda."

Nafuna alikuwa akisikiliza kwa mwili mzima. "Basi, Mwalimu, tukiilainisha mitaro yenyewe, mng'aro utarudi? Kama Baba na wenzake wanavyofanya na rola?"

Mwalimu Wilkister alitabasamu. "Sijui kama itawezekana. Kamuulize anayejua."

Saa ya chakula cha mchana, Nafuna alikimbia nyumbani. Absalom alikuwa amelala baada ya zamu. Nafuna alimwamsha kwa heshima, akamweleza yote bila kuficha. Baba aliketi kitandani.

"Nilikuambia usiifungue," alisema.

"Nisamehe, Baba."

"Majivu yana chembe za mchanga. Sufuria inavumilia, plastiki haivumilii. Rola tunaisugua kwa dawa laini, halafu laini zaidi. Hapa nyumbani, jaribu dawa ya meno. Ilaze plastiki juu ya meza iliyonyooka. Tumia kitambaa laini, uzungushe polepole. Usibonyeze kwa nguvu, itapata joto na kuharibika. Na ujue, mwanangu, kazi hii haina haraka."

Nafuna alirudi darasani na dawa ya meno, na mchana ule wote akasugua. Mwanzoni hakuona mabadiliko yoyote, na mkono ulimuuma hadi begani. Alitamani kutupa kitambaa. Ndipo mtu akaketi upande wa pili wa meza. Alikuwa Fatu, na kipande cha flaneli, kitambaa laini chenye manyoya, mkononi.

"Bado nimekukasirikia," alisema Fatu.

"Najua."

"Nipe ile kona."

Walisugua pamoja bila maneno mengi. Jua lilipoanza kushuka, Nafuna alisuuza plastiki na kuiinamisha kuelekea dirisha la darasa. Aliona kivuli kilichofifia, kisha akaona mistari.

"Fatu! Nondo!"

Hazikuwa safi kama zile za kwanza, na kona moja ilibaki na ukungu kidogo. Lakini nyuma ya kifuniko vipepeo waliwaka kwa rangi zao zote.

Jumamosi walipanda treni hadi Ruiru. Ukumbini watu walilizunguka sanduku lao. Mwalimu mkuu wa shule moja ya hapo, Bwana Githinji, aliinama akatazama sana.

"Kazi nzuri," alisema. "Lakini mbona kona hii ina ukungu?"

Nafuna alisogea mbele. "Niliikwaruza mimi, Bwana, na ndiyo sababu bawa hili limechanika. Ningependa kukuonyesha ukungu ule ni nini." Alidondosha tone la maji kwenye kona, akaeleza habari za uso laini na uso uliolimika, na jinsi rafiki yake alivyomsaidia. Bwana Githinji aliomba tone lingine. Kisha akawaita wanafunzi wake wote waje wasikilize.

Zawadi ya kwanza ilikwenda kwa shule iliyoleta mzinga wa nyuki. Hata hivyo, hadi maonyesho yanafungwa, watu walikuwa bado wakipanga foleni kwenye meza ya vipepeo, na Munyao ndiye aliyekuwa akiwaletea maji.

Jioni, wakisubiri treni stesheni, Bi Wilkister aliketi karibu na Nafuna.

"Kukwaruza plastiki kulitokana na kutojua," alisema, "na kutojua dawa yake ni kuuliza. Kosa lililonihuzunisha ni kuficha, kwa sababu lilimwangukia asiye na hatia. Lakini leo umesimama mbele ya wageni ukalitaja kosa lako bila kulazimishwa, ukalifanya somo kwa wengine. Mtu akiwa mkweli na asiyechoka, hata alichokiharibu humfundisha. Nimejivunia kuwa mwalimu wako."

"Asante, Mwalimu," alisema Nafuna kwa sauti ndogo.

Treni ilipofika, Fatu alipanda kwanza. Alipata kiti dirishani, akasogea, akapiga kiganja mahali patupu kando yake.

"Njoo, Nafuna," aliita. "Nimekuwekea nafasi."