Mchele wa Chilbok

Lilianza na sauti ya kutafuna. Mchana kweupe, jua la kiangazi likiuchoma mji wa Hanyang, Korea, Mama Gannan alikuwa uani akiosha figili aliposikia mtu ukumbini akitafuna kra, kra, kama meno yamekutana na mchanga, kisha akakohoa. Akachungulia. Hakuna mtu. Upo ule mtungi tu wa mzimu mlinzi wa nyumba, ambao kila mke huujaza mchele safi, na mgeni haugusi.

"Panya," akasema mumewe, Deoksam.

"Panya gani anakohoa, Baba Gannan?"

Deoksam alikuwa mpima mchele kwenye ghala la mfalme. Mtaa mzima tulijua kilichotokea huko, ila mkewe tu ndiye hakujua. Mke huwa wa mwisho. Askari walikaa miezi kumi na mitatu bila posho yao ya mchele, na walipopewa ya mwezi mmoja, nusu ilikuwa mchanga na pumba. Askari mmoja, Chilbok, mwenye matege, akauchota na kumsogezea Deoksam mdomoni: "Anza kula wewe!" Deoksam akaishika pishi ya mbao, akampiga nayo ya kichwa, akampiga tena, kisha akamshindilia ule mchanga kinywani hadi pumzi ikakatika. Jioni akarudi nyumbani na gunia la mchele safi, fungu la marehemu. Mkewe akaumimina mtungini.

Basi hapo ndipo kosa lilipo. Mwenye mchele ndiye mwenye mtungi. Mlinzi wa zamani akaondoka, roho ya Chilbok ikaja kukaa.

Siku ya tatu nyumba ilinuka jasho na damu. Gannan, mtoto wa miaka mitatu, akakataa chakula. Alipokohoa, ulimtoka mchanga.

Mganga, Bibi Okhwa, alifika na ngoma yake, akaipiga mara moja tu, akaiweka chini.

"Huyu hatoki, mwanangu," akanong'ona. "Anakula haki yake. Apewe meza ya baba wa nyumba, na mumeo apige magoti amwombe radhi. La sivyo, mtoto hafiki kesho."

Deoksam akacheka. "Nimpigie magoti yule mwenye matege? Baba wa nyumba hii ni mimi! Toka, bibi kizee!"

Hajamaliza, kelele zikapanda kutoka mjini, maana askari walikuwa wamevunja ghala la silaha, na wenye njaa wa vitongojini wakawafuata na marungu na mashoka, wakilichoma ghala la mchele, wakiwaburuta wakubwa kwa mafundo ya nywele zao za utosini, wakiwaponda juu ya mawe ya barabara, na kishindo kikazidi kusogea, nyumba hadi nyumba, mpaka lango la Deoksam likapasuka naye akajibanza nyuma ya sketi ya mkewe.

"Baba wa nyumba hii yuko wapi?" akauliza askari mmoja, rungu likimchuruzika damu.

Mama Gannan akamtazama mwanawe: midomo ya bluu, mchanga ukimtoka puani. Akainua meza ndogo ya baba, bakuli la wali likitoa mvuke, akampita mumewe, akaiweka mbele ya mtungi na kupiga magoti.

"Karibu chakula, Baba Gannan."

Kijiko kikainuka chenyewe.

"Vijana," sauti ikatoka ukumbini, "hapa ni kwangu. Huyo hapo simjui."

"Chilbok!" askari akalia. Wote wakainama. Kisha wakamtoa Deoksam uani na kumponda hadi kichwa kikawa kama kibuyu kilichokanyagwa na ng'ombe. Ndani, Gannan akapumua, akaomba wali.

Matanga yalipokwisha nilimpelekea mjane yule habari za mchumba, fundi viatu, mtu mzuri, meno yote anayo. Akaniziba mdomo kwa kiganja.

"Polepole, shangazi. Baba Gannan yumo ndani."

Nikachungulia. Gannan alikuwa akizunguka ukumbi mzima, akicheka, amekaa hewani, kwenye kimo cha bega la mwanamume.