Mgeni wa Chuma Kibosho

Kionjaji kilitumbukiza ulimi wake wa fedha ndani ya kata ya mbege, pombe ya ndizi na ulezi, kikatulia, kisha taa nyekundu ikawaka kifuani mwake. "Si salama," kilitamka. "Kilabu kifungwe."

Mhandisi Sabela Haule, aliyekiunda, alikuwa amesimama kando yake. Kionjaji kilikuwa roboti ya miguu mitatu, na ulimi wake ulitambua sumu na vijidudu katika tone moja tu. Kilikuwa kimeokoa macho ya watu wengi dhidi ya pombe haramu inayopofusha, hilo lazima lisemwe. Lakini hapa mlimani, ambako watu wa mjini walipanda kwa vigari vinavyoning'inia kwenye waya kuja kuonja pombe za vilabu vidogo, kila kilabu kilichokaguliwa kilishindwa. Sabela alikuwa akivifunga kwa kubonyeza kitufe ofisini. Leo alikuja mwenyewe, maana hesabu ilikataa kumwingia akilini.

"Mwanangu," alisema Mama Ndeanasia, mwenye kilabu, "mbege hii mkwe wangu kainywa jana. Mbona yu hai, na anadai nyingine?"

Sabela alichota mwenyewe kutoka kwenye pipa, akakipa kionjaji. Taa ikawa kijani.

"Mama, hebu kipe tena, kama ulivyokipa mwanzo."

Mama Ndeanasia alichota, akapiga funda moja, akafuta ukingo wa kata kwa kiganja, kisha akaitoa kwa mikono miwili. "Karibu, mgeni." Taa ikawaka nyekundu.

"Mama, umekunywa!"

"Nimeonja. Kwetu humpi mgeni pombe usiyoionja. Atajuaje kama hukumtilia kitu?"

"Lakini hiki ni chuma, mama."

"Kimepiga hodi mlangoni pangu. Ukipigiwa hodi, unauliza kama ni chuma au ni nyama?"

Sabela alikigeukia kionjaji. Hodi hiyo alikifundisha yeye, tena kwa majivuno, ili mashine isiwatishe watu. Hakuwahi kuuliza watu wa huku humfanyia nini mgeni wakishaitikia hodi yake. Kwao Songea alikuwa amejifunza mengi, hili halikuwamo. Aibu ilimpanda hadi masikioni.

"Vilabu vyote nilivyofunga..." alianza.

"Mzee Mallya wa kule juu kagawa mapipa yake," alisema Mama Ndeanasia. "Baba yake alipika pale, na babu yake. Siku hizi hata kwenye ngoma haendi. Anaona haya, eti anauzia watu uchafu."

Sabela alikipigisha magoti kionjaji, akakifundisha kutenganisha mate ya mwenyeji aliyeonja na uchafu wa pombe yenyewe. Kilipoonja tena, taa ikawa kijani. Mama Ndeanasia alipiga kigelegele, lakini Sabela alikuwa ameshainuka.

"Kwa Mzee Mallya ni njia ipi?"

"Huendi mikono mitupu." Mama alichuma jani la isale kwenye uzio, ambalo Wachaga hulitumia kuomba radhi, akajaza kibuyu mbege, akampa pamoja na kata. "Na leo wewe ndiye unayempa. Unajua la kufanya."

Mzee Mallya alitoka akamkuta Sabela na kionjaji mlangoni, akalitazama jani, akaitazama mashine. Sabela alipiga magoti. "Baba, nilikosea. Pombe yako haikuwa na kasoro. Mimi ndiye sikujua." Akamimina kwenye kata, akapiga funda, akafuta ukingo, akampa kwa mikono miwili.

Mzee aliipokea ile kata. Akapiga funda, akaizungusha mdomoni, akakunja uso.

"Ndeanasia kapunja ulezi," alisema. "Njoo wiki ijayo, unywe mbege."

Kisha akamwita mkewe ndani, kwa sauti ambayo majirani hawakuwa wameisikia kwa miezi mingi, amtafutie ndizi zilizoiva.