Sahani ya Ukweni

Soko kuu la Bunia lilikuwa limefurika. Emérance alikuwa akibonyezabonyeza mananasi aliposikia nyuma yake sauti nzito anayoijua vizuri. Aligeuka kwa haraka, nusura kitenge chake kipya cha njano kimfunguke.

"Ni weye unasemaka ku redio!"

"Ni miye. Kambale." Kijana akacheka, shati jeupe limenyooka kwa pasi. "Na weye unatazamaka watu hivi kila siku, ao ni miye tu?"

"Muongo weye!"

Lakini namba ya simu alimpa. Tangu hapo haikupita jioni bila "Cheri, umekula?"

Penzi likanoga, mpaka kisima cha mafuta kilipopasuka katikati ya Ziwa Albert. Kampuni yenye kisima ikamwajiri Kambale asome matangazo yake redioni: maji ni safi, samaki wanalika, watu watulie. Loo! Mama Jeannine, mama yake Emérance, aliishi kwa samaki wa ziwa hilo, upande wa Mahagi. Nyavu za wanawe zilitoka majini zikinuka petroli, na hakuna mtu wa kampuni aliyefika kusafisha wala kuuliza.

Emérance akapiga simu.

"Kambale, hiyo maji uliiona na macho yako?"

"Mupenzi, miye nasoma tu karatasi yenye wananipa."

"Sawa. Dimanche kuja kwetu. Mama iko Bunia, anataka kuona mukwe."

"Kweli? Nakuja, cheri! Nakuja!"

Masikini, Jumapili hiyo alikuja amevaa kostime nyeusi na tai, kreti ya soda begani, meno yote nje. Mama Jeannine akamwekea fufu na samaki mzima wa ziwani. Harufu ya petroli ikajaa chumba.

Mkwe akikataa chakula cha siku ya kwanza, ameikataa nyumba. Hilo Kambale alilijua. Emérance alisimama mlangoni. Alikuwa ameshaamua: akila akanyamaza, penzi basi. Mwanaume anayeweza kudanganya hata tumbo lake, atamdanganya na yeye.

Kambale akamega tonge, akachovya, akalifikisha karibu na mdomo. Mkono ukasimama.

"Mama, munisamehe. Samaki hii siwezi kula. Inanuka petroli."

"Ku redio ulisema ni muzuri," Mama Jeannine akajibu taratibu.

"Nilidanganya, mama. Hata kwenda kuangalia, sikuenda."

Emérance akasogea mpaka mezani.

"Kesho utasema vile ku redio? Na sauti ile ile?"

"Watanifukuza, cheri."

"Najua. Utasema?"

Kambale aliitazama sahani, akamtazama yeye. Akafungua tai.

"Nitasema. Wakizima mikro, nitasimama ku soko niseme na mudomo tu."

Mama Jeannine akainua sahani, akamwaga samaki yule nje, akarudi akipangusa mikono.

"Emérance, unasimama nini? Kaanga mayai. Mukwe wangu hajakula."