Fyuzi ya Karatasi ya Biskuti

Kila asubuhi ya likizo, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufuta pikipiki ya Mama. Nilianza na tenki, nikashuka kwenye injini, nikamalizia na sanduku jeupe la chanjo lililofungwa nyuma. Mama ni muuguzi. Kutoka mjini kwetu huvuka milima miwili kwenda kwenye vijiji visivyo na zahanati. Watoto wa huko humjua kwa mlio wa pikipiki kabla hawajamwona. Wengine hukimbia kumlaki. Wengine, wanaoikumbuka sindano, hukimbilia upande wa pili.

Kati ya milima hiyo kuna bonde ambalo simu haipati mtandao hata uipandishe juu ya mti. Mwezi uliopita tairi la mbele lilipasukia humo. Mama alikaa kando ya barabara tangu asubuhi hadi alasiri, hana wa kumwita. Barafu kwenye sanduku ikayeyuka, chanjo zikaharibika, na akina mama waliokuwa wakimngoja wakarudi makwao bure.

Siku ile Mama hakula. Alikaa kwenye ngazi ya mlango na viatu vyake vyenye matope.

"Walitembea saa tatu, mwanangu," alisema. "Saa tatu kuja, saa tatu kurudi."

Nilikasirika, sijui nilimkasirikia nani, labda lile bonde. Nikaamua kwamba pikipiki itafungwa redio ya upepo, liwalo na liwe.

Redio ya namna hiyo haihitaji mtandao wa simu. Ukibonyeza kitufe ukasema, kila mwenye redio kama yako aliye karibu anakusikia, naye akibonyeza, wewe unamsikia. Madereva wa malori wanaopita njia ile wanazo. Hata Fundi Mawimbi, mtengenezaji redio wa mtaa wetu, alikuwa na moja kubwa mezani kwake, yenye antena ndefu juu ya paa inayonasa hata sauti za bondeni, na nyingine ndogo iliyotoka kwenye lori bovu.

Fundi Mawimbi ni mwanamke mfupi mwenye maneno mengi. Wakati huo mguu wake wa kushoto ulikuwa kwenye plasta.

"Shikamoo, Fundi. Naomba ile redio ndogo ikafungwe kwenye pikipiki ya Mama."

"Marahaba. Redio nitatoa, lakini mimi na huu mguu wa chokaa siwezi kuchuchumaa. Ngoja mwezi ujao."

"Basi nitaifunga mwenyewe."

"Wewe? Una miaka mingapi?"

"Kumi na mitatu. Nionyeshe tu."

"Haraka haraka haina baraka, mwanangu."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo, Fundi."

Alicheka mpaka magongo yake yakaanguka. Kisha akageuza karatasi ya kalenda ya zamani akanichorea. Waya mweusi uende upande wa hasi wa betri. Waya mwekundu uende upande wa chanya, na karibu kabisa na betri uwe na fyuzi. Antena ikae nyuma kwenye keria, nayo ishike chuma kitupu, si rangi. Nisibonyeze kitufe cha kuongea kabla antena haijaunganishwa, nisije nikaunguza redio. Mwisho akapiga mstari chini ya maneno haya: waya usipite karibu na ekzosi, wala mahali popote pa kubanwa.

Nilifanya kazi siku nne. Siku ya kwanza nilikwangua rangi kwenye keria mpaka chuma kikang'aa. Mama alipoona akashika kichwa.

"Umeichuna pikipiki yangu!"

"Ndiyo dawa yake, Mama. Hata wewe huwachoma watu sindano ukasema ni dawa."

Siku ya pili na ya tatu nilipambana na waya wa kipaza sauti. Nikiufunga vizuri, usukani ukikatwa kulia unavutika. Nikiulegeza, unagusa injini. Niliufungua na kuufunga mara tano, vidole vikachubuka, lakini sikuacha. Mchana wa siku ya tatu nilimpelekea Fundi habari kwa majigambo.

"Hata wewe na miguu yako yote miwili usingefunga hivi," nilimwambia.

Siku ya nne ilikuwa Jumapili. Mama alikuwa zamu hospitalini, na kesho yake alikuwa na safari ya milimani. Nilipitisha waya mwekundu chini ya siti, nikaunganisha betri, nikawasha. Taa ndogo ya kijani ikawaka. Nilipiga kelele peke yangu uani. Nikafunga siti, nikairukia, nikakaa kama Mama akaavyo, mikono kwenye usukani.

Taa ikazimika.

Nilifungua siti. Ndani ya kile kioo kidogo cha fyuzi, uzi ulikuwa umekatika. Nikajiambia kwamba fyuzi yenyewe ilikuwa dhaifu. Fundi alikuwa na kopo zima la fyuzi, na kwake ni nyumba ya tatu kutoka kwetu. Lakini kwenda kuomba nyingine maana yake ni kusema kwamba ya kwanza nimeiunguza, baada ya majigambo yote yale. Mfukoni nilikuwa na karatasi ya biskuti, ile yenye kung'aa kwa ndani. Nilishawahi kuona mtu akiungia fyuzi kwa karatasi kama hiyo kwenye redio ya nyumbani. Nikaichana, nikaizungushia fyuzi iliyoungua, nikairudisha mahali pake. Taa ikawaka. Safari hii sikukaa juu ya siti.

Jioni, nilipopita mbele ya mlango wake, Fundi aliniuliza, "Fyuzi ipo?"

"Ipo."

"Ya ampea tano?"

"Ndiyo."

Haukuwa uongo mtupu: fyuzi ya ampea tano ilikuwapo, ila imeungua. Usiku ule sikumaliza chakula.

Jumatatu asubuhi Mama alipakia sanduku la chanjo, akakaa, akawasha redio. Taa ikabaki inawaka. Nikashusha pumzi. Alipoondoka nilikimbia kwa Fundi, nikaketi mbele ya redio yake kubwa. Haukupita muda mrefu, sauti ya Mama ikaingia, safi kabisa.

"Karakana, Sindano anaita. Mnanipata? Ova."

Sindano ndilo jina alilojichagulia hewani, Karakana ni kwa Fundi, na "ova" maana yake nimemaliza, sema wewe. Fundi alinisukuma begani, nikabonyeza.

"Tunakupata vizuri, Sindano! Ova."

Kabla Mama hajajibu, sauti nzito ya mwanamume ikaingia. "Karibu hewani, Sindano. Mimi naitwa Polepole, niko nyuma yako mlimani na lori la saruji. Usinichome tu. Ova."

Madereva wengine wawili wakacheka hewani. Fundi akaniambia, "Umefanya kazi, mtoto wewe." Nilitaka kufurahi, nikashindwa.

Baada ya nusu saa Mama akaita tena. Sauti yake ilikuwa ikikatika.

"Karakana, nimeingia bondeni. Redio inazimika kila nikipita kwenye shimo, halafu inawaka tena. Na kuna kiharufu... kama plastiki inaungua. Ova."

Pikipiki ikipita shimoni, Mama anaikandamiza siti. Mimi jana nilipoirukia siti, fyuzi iliungua. Haikuwa dhaifu hata kidogo. Waya ulikuwa unabanwa chini ya siti, na fyuzi ilikufa ili kuniambia hivyo.

"Mbona umekodoa macho?" Fundi aliuliza. "Fyuzi si ipo? Waya ukigusa chuma itakata yenyewe."

Wazo la kwanza lililonijia lilikuwa baya. Ningeweza kumwambia Mama azime redio tu, bila kutaja sababu. Lakini niliujua ule mchoro kwa moyo. Hata redio ikizimwa, waya mwekundu bado una umeme wa betri, na unapita jirani na tenki la petroli. Hakukuwa na njia ya kumwokoa Mama na kuokoa jina langu kwa pamoja. Na kila niliyetaka asijue alikuwa anasikiliza.

Nilibonyeza.

"Mama, simama sasa hivi. Zima injini. Fungua siti, uchomoe waya mwekundu kwenye betri, usishike palipoungua. Fyuzi niliyoweka si fyuzi. Iliungua jana, nikaizungushia karatasi ya biskuti. Fundi aliniuliza nikamdanganya. Mama, tafadhali, simama. Ova."

Nikaachia kitufe.

"Nimesikia," Mama alisema. "Nasimama."

Fundi hakuniangalia. Nilihesabu mpaka mia mbili, nikakosea hesabu, nikaanza upya. Machozi yalikuwa yananitoka nami sikuyafuta, kwa sababu sikutaka kuondoa kidole karibu na kitufe.

"Karakana, mimi Polepole. Namwona Sindano. Kasimama kando ya barabara, mzima wa afya. Namfikia. Ova."

Nikalia kwa sauti.

Sauti iliyofuata ilikuwa ya Mama, akitumia redio ya lori. "Waya umechunika hapo siti inapobana. Plastiki imeyeyuka urefu wa kidole, na petroli iko upana wa kiganja tu kutoka hapo." Kisha akaongeza, "Mengine tutaongea nyumbani. Polepole ana fyuzi nzima, kisu na tepu. Sasa niambie nifanye nini, kwa sababu barafu hainingoji. Ova."

Nilimtazama Fundi. "Mwambie wewe," alisema. "Wewe ndiye unayejua ulikoupitisha."

Nikajifuta uso. Nilimwambia Mama akate kipande kilichoungua, aunganishe ncha, azungushe tepu mara nyingi. Nikamwambia aupitishe waya kando ya fremu, mbali na siti, aukaze kwa kamba za plastiki nilizoacha kwenye mfuko wa spana. Fyuzi mpya iwe ya mwisho. Alinirudia kila hatua, nami nikahakikisha kila hatua.

"Sasa funga siti, ukae kwa nguvu. Rukaruka. Ova."

"Nimeruka. Taa inawaka. Polepole anasema naye akae, ana kilo mia moja na kumi. Haya, amekaa. Bado inawaka. Nakwenda. Ova."

Mama alifika na barafu yake ngumu. Alasiri aliporudi, alipitia moja kwa moja kwa Fundi, akaniwekea kiganjani ile fyuzi na karatasi yake iliyogeuka nyeusi.

"Watoto arobaini na mmoja wamechanjwa leo," alisema. "Nilipotaka kukukasirikia, niliwakumbuka hao. Na nilipotaka kukusifu, niliikumbuka harufu ile."

"Nisamehe, Mama. Nisamehe, Fundi."

Fundi Mawimbi alinyoosha mguu wake wa plasta juu ya kigoda.

"Kuunguza fyuzi si kosa," alisema. "Mimi nimeunguza nyingi kuliko nywele zako. Fyuzi ikiungua inakuambia ukweli, kwamba kuna mahali umekosea, katafute. Wewe hukutafuta. Uliiziba mdomo kwa karatasi, halafu na wa kwako ukauziba. Leo umeufungua mbele ya malori yote ya bonde, na aibu haikukuua. Ndiyo maana Polepole alijua alete fyuzi. Mficha maradhi kifo humuumbua, mwanangu. Mtu hawezi kukusaidia kwa jambo ambalo hajaambiwa."

Redio ya mezani ikakoroma.

"Karakana, Polepole hapa. Hebu nipeni Biskuti, nimsalimie. Ova."

Mama alifunika mdomo, lakini mabega yalikuwa yanatikisika kwa kicheko. "Jibu," alisema. "Unaitwa wewe."

Nilibonyeza. "Biskuti anakusikia. Shikamoo, na ahsante sana. Ova."

Hilo limekuwa jina langu hewani mpaka leo. Kesho yake asubuhi nilianza kufunga nyaya zote upya, kuanzia kwenye betri. Kabla sijashika spana, Fundi alinipungia mkono kutoka mlangoni kwake, nikaenda. Alitikisa lile kopo, akanihesabia fyuzi mbili.

"Moja ya kuweka," alisema, "na moja ya kuunguza. Ukishaiunguza, njoo uniambie."