Mgeni wa Mama

Kila alasiri, akishavua sare za shule na kuosha vyombo, msichana aliketi kwenye kigoda mbele ya kompyuta kuukuu iliyokuwa kando ya meza ya mama yake, akaanza kazi yake ya kuwa mgeni.

Mama yake alikuwa mwandishi, ingawa si wa hadithi. Aliandika kurasa za msaada za programu za ofisini: ile ya kuandikia barua, ile ya kupigia hesabu na nyinginezo. Mtu akikwama kazini hubonyeza alama ya kuuliza, na maneno ya mama hujitokeza kumwelekeza. Sasa programu hizo zilikuwa zimebadilishwa. Vitufe vilikuwa vimehamishwa kama vyombo katika jiko la mtu mwingine, na kila ukurasa ulitakiwa kuandikwa upya. Mama alikuwa hoi bin taabani. Macho yalimwasha, mgongo ulimuuma, na chai yake ilipoa mezani bila kunywewa.

"Leo wewe ni nani?" aliuliza kila siku, hata bila kugeuka.

"Mgeni."

"Mgeni anajua nini?"

"Hajui kitu. Anafanya kilichoandikwa tu."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yao. Msichana aliijua kompyuta vizuri, lakini ujuzi wake aliuacha mlangoni. Alibonyeza pale alipoambiwa abonyeze, basi. Maelezo yakimpoteza alisema, na mama akayafuta na kuyaandika tena. Nyumba nzima ilikuwa imezoea kumwita Mgeni, utadhani alizaliwa kwingine.

Siku moja ulifika ukurasa wa kurudisha kazi iliyopotea kabla ya kuhifadhiwa. Kuujaribu kulikuwa na adha. Ilibidi aandike kwanza maneno mengi, azime kompyuta ghafla, aiwashe, angoje kikongwe hicho kingurume mpaka kiamke, ndipo afuate maelezo. Mgeni alikuwa amechoka. Shuleni walikuwa wamefanya usafi tangu asubuhi, na mikono ilikuwa mizito. Aliusoma ukurasa kwa macho tu, akaona unaeleweka.

"Vipi?" mama aliuliza.

"Uko sawa, mama."

"Umejaribu?"

"Nimejaribu."

Mama alishusha pumzi, akautuma ukurasa kwa waliompa kazi. Alifurahi kuwa umepungua mmoja.

Wiki chache baadaye shangazi, dada yake baba, aliingia bila hata kubisha hodi. Alikuwa karani wa shule, na siku hizo alikuwa akiandika ripoti za wanafunzi wote. Alijitupa kitini, mkoba ungali begani.

"Wifi, kompyuta imenimeza," alisema. "Umeme ulikatika nikiwa karibu kumaliza. Uliporudi nikafungua ukurasa wako wa msaada, nikaufuata neno kwa neno. Ripoti zikapotea moja kwa moja."

"Pole, wifi. Labda ulibonyeza pengine kwa haraka," mama alisema kwa upole. "Ukurasa huo Mgeni aliujaribu."

Shangazi alimtazama Mgeni, kisha akatazama vidole vyake mwenyewe.

"Basi ni mimi," alisema. "Mwalimu mkuu ameshasema mashine hizi ni za vijana. Kesho nitamwomba anihamishie stoo, nikahesabu chaki."

Alijaribu kucheka, lakini kicheko hakikutoka. Shangazi aliipenda kazi yake. Aliifuta kompyuta yake vumbi kila asubuhi kama anayemwosha mtoto uso. Na sasa alikuwa anabeba kosa lisilo lake.

"Shangazi, si wewe," Mgeni alisema. "Mama, sikuujaribu. Nilichoka, nikasema nimejaribu."

Mama alivuta kiti hadi kwenye kompyuta kuukuu, akaandika maneno ovyo ovyo, akaizima, akaiwasha, wakangoja wote watatu. Kidirisha cha onyo kilitokea, chenye neno Rejesha ndani yake. Ukurasa ulisema kifungwe kwanza, kisha mtu abonyeze neno Rejesha. Mama alikifunga. Maneno yakatoweka, na Rejesha ikatoweka nayo.

"Nimegeuza hatua," mama alisema taratibu. "Rejesha inatangulia. Kosa ni langu, wifi, na nitamwandikia mwalimu mkuu hivyo hivyo." Alisahihisha ukurasa, akautuma upya, na kuwaeleza wenye kazi kilichotokea.

Ripoti hazikurudi. Kwa siku kadhaa Mgeni alikwenda shuleni kwa shangazi badala ya kucheza, akimsomea maoni ya walimu kutoka kwenye karatasi zao, naye shangazi akiyaandika tena. Walimaliza koo limekauka na vidole vimekufa ganzi. Shangazi alibaki kwenye meza yake.

Jioni ya siku ile ya mwisho mama alimketisha Mgeni karibu naye.

"Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema. "Mimi nimeizoea nyumba yangu, shimo la mlangoni silioni tena. Nakutegemea wewe ulione. Ukiniambia umeingia na hukuingia, anatumbukia mwingine. Kuchoka si kosa, mwanangu, hata mimi nimechoka. Lakini aliyechoka husema amechoka. Akidanganya, uchovu wake anambebesha mtu mwingine."

Kesho yake kazi iliendelea. Kurasa zilikuwa bado nyingi, na mvua ilikuwa imemlowesha Mgeni njiani.

"Umejaribu?" mama aliuliza.

Mgeni alitazama skrini, akapiga mwayo.

"Bado, mama. Nimechoka."

Mama aligeuka. Alinyoosha mkono, akaizima kompyuta yake.

"Basi tupumzike," alisema. "Ukurasa utatungoja."